Fomu ya PDF: mteja anajaza, mimi napokea visanduku vitupu

karani_usiku
Wakuu habari zenu. Nina fomu ya kusajili wateja, kurasa tatu, nimeitengeneza mwenyewe kwenye Acrobat na kwangu inajazika safi kabisa, hata jumla inajipiga yenyewe pale chini. Balaa linaanza nikishaituma. Mmoja kaijazia kwenye Mac akarudisha, nafungua naona visanduku vyeupe, ila nikibofya kisanduku cha jina maneno yanatokea, nikibofya pembeni yanapotea tena kama mzimu. Mwingine yuko kwenye simu anasema jumla haiji. Wa tatu kanirudishia fomu tupu mara mbili na anaapa kaijaza. Sasa naanza kuonekana mimi ndo sijui kazi. Niwalazimishe wote wadaunlodi Adobe Reader au kuna namna?

fundi_karatasi
Pole mkuu. Hayo ni matatizo matatu, usiyatibu kwa dawa moja.

Huo mzimu: kwenye PDF kila kisanduku kinatunza vitu viwili, neno lenyewe na mchoro wa jinsi neno litakavyoonekana kwenye ukurasa. Kuna programu zinasevu neno halafu mchoro haziutengenezi sawasawa, ndo maana ukibofya kwako linaibuka. Kwa hiyo usimsumbue mteja ajaze upya, majibu yake yamo humo. Ifungue kwenye Firefox au Chrome, mara nyingi utayaona, kisha printi iwe PDF mpya. Na kuanzia sasa waambie wakimaliza kujaza waprinti kuwa PDF badala ya kusevu tu, visanduku vinageuka maandishi ya kawaida na kila mtu anaona kitu kilekile. Hasara yake ni kwamba huwezi kuyavuta majibu kiotomatiki kwenda kwenye jedwali, lakini kama unasoma kwa macho haikuhusu.

Jumla inaendeshwa na JavaScript, yaani kiprogramu kidogo kilichomo ndani ya faili. Preview, ile programu ya Mac ya kufungulia PDF, haina habari nacho, na programu nyingi za simu ni hivyohivyo. Mi nilishaacha, mteja aweke namba, jumla napiga mwenyewe.

Huyo wa tatu hajakudanganya bwana. Kaifungua ndani ya brauza, kajaza, kafunga, halafu kaambatanisha ile aliyodaunlodi mwanzo, ambayo bado tupu. Mwambie aisevu kwanza kwenye kompyuta, aifungue kutoka kwenye folda, ajaze, asevu, na AIFUNGUE TENA kabla ya kutuma. Hiyo ya mwisho ndo wengi wanairuka.

mdau_kimya
Naomba nidandie hapohapo. Mimi nimerithi fomu ya zamani ofisini, mteja akifungua kwenye simu anaona ukurasa mmoja tu umeandikwa "Please wait..." basi, anasubiri mpaka anachoka. Kwangu kwenye Adobe Reader inafunguka.

fundi_karatasi
@mdau_kimya hiyo ni XFA, aina ya zamani ya fomu za PDF, za enzi za LiveCycle Designer, programu ya Adobe ya kutengenezea fomu. Huo ukurasa ndo PDF yenyewe kwa programu isiyoijua XFA, fomu halisi imefichwa nyuma yake. Firefox tangu 2021 inajitahidi kuzifungua, Adobe Reader ya kompyuta pia, lakini kwenye simu sahau. Kiwango cha PDF 2.0 cha 2017 kilishaziweka kwenye kundi la vitu vya kuachwa, kwa hiyo usipoteze muda kuikarabati, ijenge upya kwa visanduku vya kawaida. Hata LibreOffice Writer inatosha, ukiexport PDF hakikisha umetiki ile sehemu ya kutengeneza fomu.

binti_jedwali
Mi naona mnamzungusha tu, kama hahitaji karatasi yenye sura maalum aweke fomu ya mtandaoni atume linki, brauza kila mtu anayo. Na tafadhali asije akakimbilia Word, visanduku vya Word ukivifungulia kwenye programu nyingine vinavurugika vibaya, nimelia navyo mimi.

karani_usiku
Dada nashukuru ila lazima iwe na sahihi na mpangilio uleule, linki haitanifaa. Mrejesho: ile ya Mac nimeifungua kwenye Firefox, majibu yote yapo! Ile hesabu ya jumla nimeiondoa, na maelekezo nimeyaweka mstari wa kwanza kabisa wa fomu maana kwenye imeili hayasomwi. Ila wakati najaribu nimekuta kituko kingine, ukiandika jina la mteja na jina la mtu wa dharura linajiandika lilelile, nikafuta nikaandika upya wapi.

fundi_karatasi
Hahaha, ulikopi kisanduku ukapaste eh? Vyote viwili vinaitwa "Jina" kwa ndani, na PDF ikiona visanduku vyenye jina moja inavihesabu ni kimoja. Ingia kwenye sifa zake kimoja ukiite Jina_dharura.

karani_usiku
Imekubali. Kumbe wateja kumi na kitu wamejiandikisha kuwa ndugu zao wenyewe, ngoja nianze kuwapigia.