Tupeane uzoefu: ulipokaa na marafiki kwenye hotpoti ya Wachina, mlikulaje?

Kijana wa Uyole

Wakuu, habari zenu. Humu wapo wengi waliopita China kwa masomo au biashara, na wengine mambo haya wameyakuta Nairobi na Dar. Leo naomba tuzungumzie hotpoti. Siyo ile ya kuwekea wali, nasema ile sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza, mmeizunguka na vijiti, na kila mtu anatumbukiza nyama mbichi na kuiopoa mwenyewe. Mapishi ya mtandaoni sitaki. Leta kisa chako: ulikuwa na nani, mliagiza nini, nani alilipa.

Naanza mimi. Nilisoma Chongqing, pale mto Jialing unapoingia Yangtze. Wenyeji husimulia kwamba chakula hiki kilianzia kwa wabeba mizigo wa bandarini. Walinunua utumbo na viungo vya ndani ambavyo wenye pesa hawakuvitaka, wakavichemsha kwenye pilipili na mafuta ya ng'ombe. Sufuria yao ya asili ina kimia cha chuma kinachoigawa vyumba tisa. Wanasema zamani watu wasiojuana walichangia sufuria moja, kila mmoja na chumba chake. Siku hizi vyumba vina kazi nyingine. Cha katikati kinachemka kwa fujo, humo unaivisha vya haraka. Vya pembeni vimetulia, humo unasahau vinavyotaka muda.

Wenzangu wa darasani walinipeleka mwezi wa saba, joto nyuzi 40, nikajua wananitania. Kumbe mgahawa wenyewe uko ndani ya handaki. Handaki kweli, katika yale yaliyochongwa kwenye mwamba wakati wa vita, Wajapani walipokuwa wakiupiga mji ule mabomu kuanzia 1938. Humo ndani kuna ubaridi wake wa asili, meza za chini, vigoda, na wazee waliovua mashati wakibishana kwa sauti mpaka huwezi kumsikia wa pembeni yako.

Utumbo ndio ulionimaliza. Ni ile sehemu yenye kurasa kurasa, kwao ni kitu cha heshima, na huagizwa kabla ya nyama. Unaushika kwa vijiti wala huuachii. Unauzamisha, unauinua, unauzamisha tena, wao huhesabu saba juu nane chini, kama sekunde 15 hivi. Ukizidisha, unatafuna ndala. Binti mmoja wa darasani alikaa kunihesabia kwa sauti, na nikiuacha ukapitiliza aliunyang'anya akaula yeye, kuliko uharibike mbele yake.

Kisha unachovya kwenye kibakuli cha mafuta ya ufuta yenye kitunguu saumu kilichosagwa. Mafuta juu ya mafuta, nikashangaa, lakini ndiyo yanayopooza moto wa pilipili. Ile ganzi ya midomo haipoozwi na kitu. Inatoka kwenye huajiao, maganda ya vitunda vya mti wa ukoo wa machungwa, na wala si pilipili. Midomo inatetemeka yenyewe. Raha tupu.

Haya, nani anafuata? Na sufuria ya nusu kwa nusu, ni busara au ni uoga?

Mpenda Ugali

Nusu kwa nusu ndiyo nini mkuu? Na ugali upo?

Kijana wa Uyole

Ni sufuria yenye ukuta uliopinda katikati. Upande mmoja supu nyekundu, wa pili supu nyeupe ya mifupa au ya uyoga au nyanya. Ugali hakuna, kuna wali na tambi. Mimi nasema agizeni nusu kwa nusu hata kama wote ni mashujaa, kwa sababu ile nyekundu hainywewi. Ni mafuta na viungo vitupu, kazi yake kuivisha tu. Mgeni akiichota kwa upawa na kuinywa, meza nzima inanyamaza.

Bint Mkunazini

Kaka, mada nzuri, ila hapo kwenye nusu kwa nusu mimi nina neno. Nilikuwa Beijing, na kila mara wenzetu walitwambia, "Nyie Waislamu chukueni upande ule, sisi tutaweka nguruwe huku." Jamani, sufuria moja, mvuke mmoja, upawa mmoja unavuka ukuta kila dakika! Na jikoni je, kisu kimekata nini kabla ya kondoo wangu? Nilikuwa naenda kukaa tu na kunywa soda, huku nimeshakula nyumbani.

Basi tukabadilisha utaratibu. Badala ya wao kututafutia upande kwenye sufuria yao, sisi tukawa tunawaalika kwenye migahawa ya Waislamu wa Kihui, yaani Wachina Waislamu, yenye maandishi ya kijani ya qingzhen, yaani halali, mlangoni. Na hapo ndipo walipokula vizuri kutushinda! Hotpoti ya Beijing ni nyengine kabisa. Sufuria ya shaba, katikati ina dohani, ndani ya dohani mkaa. Maji takriban meupe, na tangawizi, vitunguu majani na vijitunda vyekundu vichache, basi. Kazi yote iko kwenye nyama ya kondoo, imekatwa nyembamba mpaka ukiiinua unaona mwangaza upande wa pili. Inageuka rangi tu, unaitoa. Mchuzi wa kuchovya ni ufuta uliosagwa, na tofu (jibini ya soya) iliyochachushwa, na maua ya vitunguu majani yaliyopondwa na chumvi. Pembeni wanaleta achari ya kitunguu saumu, ya siki na sukari, nikaila mpaka rafiki yangu wa Sudan akahamia kiti cha mbali.

Dong Lai Shun, mkahawa mashuhuri wa kondoo wa namna hii, ulianzishwa na Muislamu wa Kihui mwaka 1903. Kwa hiyo anayedhani halali kwenye hotpoti ni jambo la kubembelezwa, ajue Waislamu wa Beijing wako kwenye biashara hii zamani.

Kontena Futi 40

Dada hapo umemaliza. Mimi niko Guangzhou kwa mzigo, napanga mtaa wa Xiaobei. Huku kusini kuna hotpoti ya ng'ombe ya watu wa Chaoshan, na kama umewahi kukaa bucha nakuomba uione kabla hujafa. Supu nyeupe, vipande vya figili, hakuna mbwembwe. Wachinjaji wamesimama nyuma ya kioo, ng'ombe kachinjwa masaa machache tu, hajaona friza. Unaagiza kwa jina la mnofu. Wa shingoni una jina lake na sekunde zake, wa mgongoni wake, wa muundi wake. Unaweka kwenye kichujio, unazamisha, unahesabu, unatoa. Mchuzi wao ni shacha, una karanga, vitunguu na dagaa waliokaushwa ndani yake.

Sasa kwenye kulipa. Yule mwenye kiwanda nayechukua kwake mabegi tumekuwa marafiki, analeta na mkewe na shemeji yake. Huku mwenye kualika ndiye analipa, na mtu kugawa bili mbele ya wageni ni aibu kidogo. Nami ni Mchaga, siwezi kulishwa kila siku kama mwali. Nikainuka kwenda chooni, nikapitia kaunta, nikakuta tayari. Jamaa alilipa kwa simu akiwa amekaa, ameskani ile QR code ya mezani ya kuagizia chakula, na uso wake haukubadilika hata chembe. Tangu 2023 kuunganisha kadi zetu za Visa kwenye WeChat na Alipay, programu zao za kulipia kwa simu, kumekuwa rahisi, kwa hiyo sasa mashindano ni ya haki. Naskani kabla nyama haijafika.

Nikishinda, mkewe ananipigia makofi, mume ananuna mpaka kwenye gari.

Wa Kilimani

Salamu kutoka Nairobi. Sisi tulikuwa wa ofisi moja, tukaenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya msichana wa mapokezi, mgahawa wa Wachina hapa mtaani. Wacha niwaambie kitu nilichogundua. Kwenye sufuria ya pamoja watu ni aina mbili, waweka na waopoa. Kuna jamaa wa idara ya hesabu, sitamtaja. Sikumwona akitia hata jani la spinachi. Lakini kila kijiti changu kikirudi kutafuta nyama niliyoiweka, haipo, na sahani yake imejaa. Ukimwangalia anauliza, "Hii ilikuwa yako?" huku anatafuna.

Halafu bili ikaja. Juu ya nyama kulikuwa na malipo ya supu, malipo ya kila kibakuli cha mchuzi kwa kichwa, na tishu tulizodhani ni za bure. Na nani alipendekeza tugawe sawasawa? Huyo huyo wa hesabu. Tukagawa. Lakini tangu hapo tukienda naye tunaomba mahali penye visufuria vidogo, kila mtu na chake, na bili yake. Raha ya kuzunguka chungu kimoja imepungua, nakubali, lakini nyama yangu naila mimi.

Kitu kimoja cha maana. Muwe na koleo au vijiti vya nyama mbichi pekee, hasa kuku. Vijiti vya kuweka visiende mdomoni. Wengi hawaangalii hili, halafu kesho yake wanalaumu pilipili.

Mpenda Ugali

Waopoa wapo hata kwenye sinia la pilau 😂 Bei sasa, hamtaji bei.

Kontena Futi 40

Kwa migahawa ya kawaida ya China hesabu yuan 100 kwa kichwa, zaidi au pungufu kidogo kulingana na nyama. Kama mfuko ni mwembamba nenda kwenye mishikaki ya kuchemsha, chuanchuan. Kila kitu kimechomekwa kwenye kijiti, unakula, mwisho wanahesabu vijiti. Ukifika na vijana wa chuo utaona mlima wa vijiti.

Mwali wa Wuhan

Mimi kisa changu ni cha kukosa marafiki. Likizo ya mwaka mpya wa Kichina bweni linabaki tupu, Wachina wote wamekwenda kwao, na Watanzania wenzangu walisafiri. Nikaenda Haidilao, migahawa maarufu ya hotpoti, peke yangu. Hawa walianza 1994 kwenye mji wa Jianyang, Sichuan, na sifa yao ni huduma. Ukisubiri meza wanakupa vitafunwa, wanakupaka rangi ya kucha bure, na ukiagiza tambi anakuja kijana kuzivuta na kuzizungusha hewani huku anacheza. Mhudumu akaniuliza tuko wangapi, nikamwambia mmoja. Akaondoka, akarudi amebeba dubu mkubwa wa manyoya, akamketisha kiti cha mbele yangu na kumwekea sahani na vijiti.

Nilimpigia video mama yangu Tanga. Akanitazama, akamtazama dubu, akauliza, "Huyo naye mnagawana bili?"

Theluji Tupu

Minnesota hapa. Wakati wa baridi tunakutana nyumbani kwa rafiki Mchina, sufuria ya umeme mezani, nje theluji magotini. Nyama ya kukatwa nyembamba tunanunua imeshakunjwa kunjwa kwenye friza za duka la Waasia. Rafiki yetu anasimulia kwamba wazazi wake walipohamia Marekani, huajiao ilikuwa imepigwa marufuku kuingizwa, tangu 1968 mpaka 2005, kwa hofu ya ugonjwa wa miti ya michungwa. Kwa hiyo hotpoti yao ilikuwa kali lakini haina ganzi. Baba yake hadi leo akila haachi kulalamika juu ya ile miaka.

Bint Mkunazini

Sasa nimerudi nyumbani na naipika Unguja. Ngisi, kamba, samaki wa minofu migumu kama nguru, na chainizi ya sokoni, maana majani yake yanastahimili moto. Mchicha hapana, unayeyuka. Wifi yangu anatia na ndizi mbichi, nami nimeshindwa kumkataza kwa sababu zinakuwa nzuri.

Kijana wa Uyole

Ndizi!! Wifi yako apewe uraia wa Chongqing. Hapo nakumbuka viazi. Wakuu, viazi mnatia lini? Mimi nasema mwisho kabisa, baada ya nyama na kabla ya tambi. Ukitia mapema vinaachia wanga, supu inakuwa nzito, na nyama inatoka na utelezi.

Kontena Futi 40

Hapana. Mwanzo, chumba cha pembeni, viive taratibu vikinywa supu. Ukitia mwisho watu wameshiba, vinabaki.

Kijana wa Uyole

Mkuu, mtu wa Uyole hafundishwi viazi. Vikate vyembamba, dakika mbili tatu vimeiva, bado vina ukakamavu. Na vikibaki, yupo yule wa idara ya hesabu.

Wa Kilimani

😂😂 Huyo atavipata hata mkivificha chini ya meza.