Kurudia kufuma baada ya eda: niliendeleze blanketi la zamani au nilifumue?

Bi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, dada zangu. Nimetoka eda hivi karibuni, na kabla ya hapo nilikuwa nikimuuguza marehemu mume wangu, kwa hiyo tangu alipoanza kulazwa sikushika kulabu. Eda humkataza mjane kujipamba na kujitia manukato, haimkatazi kazi ya mkono. Ni moyo tu uliokataa. Blanketi la mjukuu nililoliacha nusu bado limo mkobani, na rangi yake aliichagua marehemu. Juzi nilipojaribu kuliendeleza, safu mpya zilibana na kuvuta kingo ndani, ilhali zile za zamani zimelala vizuri. Uzi uliobaki hautoshi, na ule wa dukani umekoza kidogo kuliko wangu. Je, nilifumue lote? Vidole navyo vinakufa ganzi upesi.

Mama Shela, Malindi

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Usilifumue. Mkono uliokaa muda mrefu bila kazi hushika uzi kwa nguvu, na huzuni nayo hukaza mabega bila mtu kujijua. Chukua uzi wa pamba wa bei nafuu, ufume kwanza vitambaa vidogo vya meza mpaka mkono ulegee. Kisha fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa uzi uleule wa blanketi, uhesabu vitanzi vyake na kuvilinganisha na vya sehemu ya zamani. Vikizidi, panda kulabu, yaani kama ulitumia ya milimita 4 ujaribu ya 4.5 au 5. Iwe ya alumini, kwa kuwa ya chuma hushika kutu kwa hewa yetu ya bahari na kutia madoa uzi wa rangi nyepesi. Pumzika kabla ganzi haijaanza, na ikikuamsha usiku hata siku usiyofuma, muone daktari.

Kuhusu rangi, uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na namba ya fungu huandikwa kwenye karatasi ya donge. Fungu lako huenda halipatikani tena, kwa hiyo fuma safu mbili za uzi uliobaki, mbili za mpya, ukibadilisha hivyo hivyo ili macho yasione rangi ilipobadilikia.

Fundi wa Kofia, Mkomani

Shikamoo Bi, na pole kwa msiba. Mimi ni mtu wa kudarizi kofia, kufuma nakujua kwa kumtazama mama tu, lakini kwa hili la kuficha sikubaliani na Mama Shela. Uzi wa marehemu hautoshi hata kwa kuchanganya, na ukiumaliza hivyo utakuwa umetapanyika kote. Ningeweka mstari mpana wa rangi nyingine kabisa, mweupe kwa mfano, pale ulipoishia, kisha niendelee na uzi mpya. Mtoto hatauliza, na wewe utajua daima ni upi.

Mama Shela, Malindi

Hoja ya Fundi ina uzito, nami sina ugomvi nayo. Ila Bi, kabla hujanunua uzi wowote, choma ncha ndogo ya ule wa zamani juu ya sahani. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu, nayo huliwa na nondo, hivyo ukague vitundu. Ukiyeyuka na kuganda donge gumu, ni akriliki. Huo usiupige pasi ya moto, utalala na hautainuka tena. Pamba huungua kama karatasi.

Bi wa Langoni, Lamu

Nashukuru nyote. Nimeuchoma, umeganda. Nitaanza na vitambaa vya pamba, na mstari wa Fundi nimeupenda, ingawa mweupe kwa mtoto anayetambaa sakafuni naona ni kujitafutia kazi ya kufua. Nitatafuta kijani cha majani.