Ulinganisho: k-epsilon, SST, LES au modeli ya maji halisi kwa chemba ya pampu?

Mfereji_Chamwino: Habari wakuu. Nina chemba ya kufyonzea ya mradi wa umwagiliaji huku Chamwino. Pampu tatu za wima, mbili za kazi na moja ya akiba, kila moja mita za ujazo 500 kwa saa. Mdomo wa kufyonzea una kipenyo cha mita 0.36. Maji yanatoka bwawani kwa mfereji, ila eneo lilitubana, kwa hiyo mfereji unapinda nyuzi 90 karibu kabisa na chemba. Hofu yangu ni kwamba maji yataingia yameegemea ukuta mmoja, na pampu ya pembeni itapata maji yanayozunguka na kuvuta hewa. Nataka kuiga mkondo kwa kompyuta kabla zege halijamwagwa. Nina OpenFOAM, programu ya kuiga mikondo, na kompyuta ya kori 16. Nitumie modeli gani ya msukosuko, yaani njia ya kukokotoa mizunguko ya maji: k-epsilon, k-omega SST au LES? Au nitengeneze modeli ndogo ya maji halisi?

KipimoKwanza: Mkuu, kabla ya kompyuta shika kalamu. Lita 139 kwa sekunde kupitia mdomo wa 0.36 ni kasi ya mita 1.37 kwa sekunde, namba ya Froude (Fr, kasi ya maji ikilinganishwa na nguvu ya mvutano) 0.73. ANSI/HI 9.8, kiwango cha Marekani cha chemba za pampu, kinataka kina cha maji juu ya mdomo kisipungue D(1 + 2.3Fr), D ikiwa kipenyo cha mdomo, yaani mita 0.96. Ukipanua mdomo hadi 0.45, kasi inashuka hadi 0.87 na kina kinachotakiwa kinakuwa mita 0.88. Lakini kumbuka kanuni hiyo inadhani maji yanafika yamenyooka. Kona yako imeshaivunja dhana hiyo, na ndiyo maana modeli inahitajika.

Seli_Milioni: Mimi naanza na k-epsilon siku zote. Imekuwepo tangu miaka ya 1970, inatulia haraka, na kwa kompyuta yako utapata jibu usiku mmoja. Ukitaka kulinganisha mipangilio mitano ya kuta za kuelekeza maji, hakuna kinachokwenda haraka zaidi.

Mama Hidroliki: Ndugu Seli, kwa kulinganisha mgawanyo wa kasi nakubali kiasi. Kwa kutafuta voteksi, yaani kizunguzungu cha maji kinachovuta hewa, hapana, na hili nalisema kwa uzito. k-epsilon hukuza mno mnato wa msukosuko pale maji yanapozunguka kwa nguvu, hivyo kiini cha voteksi kinafifia kabla hakijajikaza. Picha inatoka laini, mchoro unatiwa sahihi, kisha pampu inaanza kunguruma siku ya kwanza na beringi hazidumu.

SST ya Menter, ya 1994, inashika vizuri zaidi maji yanapobanduka kwenye ukuta wa ndani wa kona na nyuma ya nguzo. Ongeza marekebisho ya mkunjo wa mkondo. Ila nayo ni ya wastani, haifuati kila mzunguko unapotokea. Voteksi ya chemba huja na kuondoka, na kiwango chenyewe kinahesabu muda: voteksi ya juu ya maji inayovuta rangi hadi ndani ya pampu inavumiliwa tu ikiwa inatokea chini ya asilimia 10 ya muda. Modeli ya wastani itakupaje hesabu ya muda?

Kori64: Ndiyo maana kuna LES, inayofuata mizunguko mikubwa yenyewe badala ya kuipiga wastani. Lakini mwenye mada aone bei yake. Pembe ya mzunguko wa maji ndani ya bomba hupimwa kwa dakika 10, na wastani wake usizidi nyuzi 5. Hatua ya muda ya LES ikiwa sekunde 0.001, dakika 10 ni hatua 600,000, tena kwenye seli (vipande ambavyo kompyuta huyagawa maji) ndogo ndogo karibu na mdomo, sakafu na ukuta wa nyuma. Kwa kori 16 utasubiri mno. Ushauri wangu: chuja mipangilio kwa SST, kisha mmoja uliobaki uupitishe kwenye DES, mseto wa LES na modeli ya wastani, tena kwa hali moja tu, maji yakiwa chini kabisa.

Na uso wa maji usiufunike kwa kifuniko bapa katika hatua hiyo ya mwisho. Ukiufunika hutaona uso ukibonyea.

Fundi Plaiwudi: Mnazungumza kana kwamba maji halisi hayapo Dodoma. Modeli ya 1:4, yaani kila urefu ukipunguzwa mara nne, inahitaji lita 4.3 tu kwa sekunde kwa kila pampu, kwa sababu mtiririko unapungua mara 32 na kasi mara 2. Plaiwudi ya majini, kioo cha plastiki upande mmoja, pampu ndogo, valvu na pamanganeti ya kutia rangi. Unaiona voteksi ikitoka kwenye kona ya sakafu, nyembamba kama uzi, ikining'inia kisha ikakatika. Hakuna modeli ya wastani itakayokuonyesha huo uzi.

Usipunguze zaidi ya 1:4. Namba ya Reynolds (nguvu ya mwendo wa maji ikilinganishwa na mnato wake) kwenye mdomo inakuja kama 61,000, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 60,000. Ukienda 1:5 mnato unaanza kukudanganya.

Ni kweli pampu zako ni ndogo. Kiwango kinalazimisha modeli halisi kuanzia takribani lita 2,520 kwa sekunde kwa pampu moja. Lakini kinaitaka pia pale maji yanapofika yakiwa yameegemea upande, na kona yako ndiyo hiyo.

KipimoKwanza: @Mfereji_Chamwino, hujataja kiwango cha chini cha maji. Hili ni jambo la kwanza kwa mabwawa yetu. Bwawa la Mtera lenyewe limepangiwa kucheza kati ya mita 698.5 na 690 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Novemba bwawa lako linabaki wapi? Pia tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa linabeba karibu mita 9 za maji badala ya 10.3. Pampu haina ziada ya kutosha ya kuvumilia mzunguko mbaya.

Mfereji_Chamwino: Asanteni sana. Kiwango cha chini kinaniachia mita 0.80 juu ya mdomo. Kwa hiyo hata mdomo wa 0.45 haufiki. Nitashusha sakafu na mdomo kwa sentimita 30, nichuje mipangilio mitatu kwa SST, halafu modeli ya 1:4 kwa ule utakaobaki. DES nitaijaribu kama mkandarasi ataniachia muda.

Mama Hidroliki: Vema, mhandisi. Ukibadili mdomo, hesabu tena namba ya Reynolds ya modeli ndogo: kwa 0.45 inashuka hadi kama 49,000, hivyo nenda 1:3. Na kwenye kompyuta usianzishe mkondo mlangoni mwa chemba. Anza mbali huko juu ya mfereji, kona nzima iwemo pamoja na wavu wa takataka. Ukiingiza kasi iliyo sawa pote mlangoni, utakuwa umeifuta kona kwa mkono wako mwenyewe.