Mtoto wa miezi 11 alipaliwa na karanga. Mkasa ukitokea tena nifanyeje?

Mama Nasra, Mbagala

Habari za jioni wapendwa. Jana baada ya magharibi nilikuwa uani nakuna nazi, Imrani yuko mkekani na dada yake wa miaka sita. Nasra alitoka dukani na karanga za mia mbili, akammegea mdogo wake kwa mapenzi tu, hana kosa. Nikasikia kimya. Kugeuka, mtoto kaachama, macho yamemtoka, hakuna sauti wala kilio, midomo inageuka rangi ya zambarau.

Mama mkwe akamnyakua akampuliza utosini. Jirani anapiga kelele mpe maji. Mimi nikamtia kidole kooni. Katika kupokonyana akainama kichwa chini, ikadondoka nusu punje, akalia. Nilikaa chini hapohapo na mbuzi ya nazi pembeni, nikalia naye.

Mama mkwe amelea watoto saba, simdharau hata kidogo. Lakini nataka kujua, pale kilichotakiwa kufanywa ni nini hasa? Na tangu asubuhi anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Ni mafua?

Baba Tunu

Pole sana mama. Wa kwangu ilikuwa kokwa ya ubuyu, ana miaka mitatu, tumo ndani ya daladala Buguruni. Abiria mmoja alimwinamisha akampiga mgongoni, ikatoka. Tangu siku ile ubuyu hauingii kwangu. Subiri wenye utaalamu waje.

Nesi wa Kliniki

Mama Nasra, usilale na hilo. Mpeleke hospitali leo. Umeona nusu punje tu. Nusu nyingine huenda imeshuka kwenye njia ya hewa. Ukifika sema hivi hivi: "Jana alipaliwa na karanga, leo anakohoa." Usiposema, anaweza kutibiwa nimonia wiki nzima kumbe karanga imo ndani. Karanga haionekani kwenye eksirei ya kawaida, kwa hiyo hata picha ikitoka safi, usikubali yaishie hapo kama filimbi bado ipo.

Sasa swali lako. Mtoto akikohoa kwa nguvu au akilia, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye. Akinyamaza kama ulivyoeleza, muda ni dakika chache tu. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko makalio, shika taya, usimkabe koo. Kwa sehemu ya chini ya kiganja, pale karibu na kifundo, mpige kati ya mabega mara tano, mapigo ya kweli, si ya kumbembeleza. Haijatoka? Mgeuze chali, kichwa kikiwa bado chini, umkandamize mfupa wa kifua katikati mara tano. Rudia mgongo, rudia kifua. Mtoto wa umri huu usimminye tumbo, ini lake huumia kirahisi.

Aliyepita mwaka, mwinamishe mbele, mgongoni mara tano. Ikigoma, simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano. Ukishamminya tumbo lazima aonwe na daktari hata akipona.

Kidole nakuomba usirudie, ila kama kitu unakiona kwa macho na unaweza kukinyofoa. Kidole kinachopapasa kinasukuma ndani. Maji nayo hayana pa kupita. Na akilegea akapoteza fahamu, mlaze sakafuni, mtu mmoja akatafute gari, wewe anza kukandamiza kifua mara 30 na pumzi mbili, bila kusimama.

Bibi wa Kariakoo

Wanangu, karanga ya mtoto ni ya kutwangwa, itiwe kwenye uji. Nzima asubiri hadi miaka mitano. Zabibu ipasuliwe kwa urefu vipande vinne, soseji vilevile, isikatwe duara. Bisi na pipi za mviringo hapana. Na ale amekaa, asikimbie na kitu mdomoni. Watu husahau puto lililopasuka na vile vibetri bapa vya rimoti. Betri ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa mbili, hiyo ni kukimbia hospitali moja kwa moja.

Mama Nasra, Mbagala

Nimerudi, siku ya tatu. Daktari alisikiliza akasema upande wa kulia hewa inaingia kidogo. Tukapewa rufaa, wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakaingiza mrija wenye kamera. Kipande kimetoka, nimekiona kwa macho yangu, hakifiki ukucha wa kidole changu cha mwisho. Imrani ananyonya kama kawaida. Nesi, Mungu akuweke.

Mama mkwe ameomba nimfundishe, tumefanyia mwanasesere wa Nasra. Kanikwamisha kwa swali moja: Imrani mzito na mikono ya bibi yake haina nguvu, akishindwa kumshika kwa mkono mmoja?

Nesi wa Kliniki

Shukuru Mungu. Mwambie mama, shikamoo yake, akae chini au kwenye kigoda, amlaze mtoto kifudifudi juu ya mapaja, kichwa kining'inie kidogo upande wa magoti. Mapigo ni yaleyale matano.