Mjadala: Hearthstone ni mchezo wa bure, au ni pata potea ya simu?

Fundi wa Buru

Wadau, nisaidieni kumaliza ubishi ulioanzia kwenye matatu. Jana jioni nikiwa ndani ya 58, kijana aliyekaa kando yangu alinichungulia simu tangu mjini mpaka tukaingia Jogoo Road, kisha akaniuliza bila haya: "Hii nayo unaweka ngapi?" Nikamwambia hii ni Hearthstone, haina mambo ya kuweka, ni karata za bure. Akanyoosha kidole kwenye duka lililo humo ndani ya mchezo: "Na hizo pakiti zinazouzwa?" Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Nikashuka na hasira zangu.

Kwa asiyeujua: kila mchezaji ana karata 30 na uhai 30. Kila zamu unaongezewa fuwele moja ya mana mpaka zifike 10, na kwa fuwele hizo unaita majoka, mazimwi na wachawi wa dunia ile ya Warcraft wakupiganie. Kuingia hulipi. Pakiti moja ina karata tano, bei yake dhahabu 100, na dhahabu unaipata kwa kucheza. Mimi nimo tangu 2015 mchezo ulipofika kwenye simu, na sijatoa hata shilingi.

Msimamo wangu: ni bure. Wanaolipa ni watu wasio na subira na wasiojua kucheza. Mnasemaje?

Binti wa Luthuli

"Wasiojua kucheza." Sawa, kaka.

Mimi nauza vifuniko vya simu pale Luthuli, nimesimama kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku. Hizo mechi za kushinda kila wiki ndipo upate zawadi, nizishinde saa ngapi? Mteja akiniambia nimpunguzie hamsini nimwambie ngoja kwanza nimalize zamu? Mwisho wa mwezi nikibaki na kitu, nanunua pakiti kadhaa kwa kadi ya M-Pesa, nafungua kadi zangu kitandani, nafurahi, nalala. Kuna wanaonunua nyama choma Jumapili na hakuna anayewauliza kama wanajua kula.

Na mwezi uliopita nilifika daraja la Almasi. Wewe wa tangu 2015 uko wapi?

Fundi wa Buru

Dada, sikukutaja wewe. Mimi niko Platinamu, lakini sababu ni stima. Juzi nilikuwa na Murloki wanne mezani, wale viumbe-samaki, mwenzangu amebaki na uhai tatu, yaani ni kubonyeza tu. Stima ikapotea, na mtandao wa nyumba ukaenda nayo. Zamu ni sekunde 75, ikikaribia kwisha ile kamba inawaka katikati ya meza. Natafuta bando gizani, nanunua, narudi. Kamba ilishaungua zamani, na yule wa uhai tatu ndiye huyo anasherehekea. Nilichokikuta ni picha ya shujaa wangu ikipasuka.

Kiti cha Nyuma

Stima. Miaka yote hiyo stima inapotea ukiwa karibu kuingia Almasi tu.

Vumbi Tupu

Tuache vyeo, tupige hesabu. Pakiti mbaya kabisa ina karata nne za kawaida na moja adimu. Ukizivunja, kila ya kawaida inakupa vumbi 5 na ile adimu 20, jumla 40. Lejendari moja, yaani karata ya daraja la juu kabisa, ukitaka kuitengeneza ni vumbi 1600. Kwa hiyo mtu mwenye mkosi anahitaji pakiti 40 avunje kila kitu apate lejendari anayoitaka, na pakiti 40 ni dhahabu 4000. Kweli, wamekuwekea kinga kwamba hutapita pakiti 40 bila kuona lejendari, na kwenye seti mpya unaipata ndani ya kumi za mwanzo. Lakini ni lejendari yoyote, wala si ile uliyoitaka. Ukiivunja hiyo wanakupa 400. Nne zinazaa moja.

Ila hilo silo linalonikera. Linalonikera ni kwamba karata za kukusanya, tangu Richard Garfield alipotoa mchezo wa Magic mwaka 1993, maana yake ilikuwa KUBADILISHANA. Wewe una joka mbili, mimi sina, nakupa mchawi wangu, tunaachana salama. Hearthstone huwezi kumpa rafiki hata karata moja. Huwezi kuuza, huwezi kurithisha. Unavunja tu, na anayekupa vumbi na anayekuuzia pakiti ni mtu yuleyule. Tujibu hilo kwanza: kitu usichoweza kumpa mtu ni chako kweli?

Karani Mstaafu

Vijana, nimeona neno pata potea hapo juu nikaona niseme, maana wengi wenu mnalitumia bila kuliona lenyewe.

Miaka ya themanini karibu na stendi ya mabasi ya Machakos palikuwa na kijana mwenye boksi la katoni na karata tatu. Moja nyekundu, mbili nyeusi. Anazirusha polepole, unaiona kabisa nyekundu inapotua. Mtu mwenye koti anaweka noti, anashinda. Mama mwenye kikapu anaweka, anashinda. Nikaweka nauli yangu yote ya Krismasi. Nikageuza karata: shupaza. Nikatembea kwa miguu mpaka Kaloleni, na nilipofika darajani nikawaona yule mwenye koti na yule mama wa kikapu wanakula mahindi pamoja.

Sasa mchezo wenu huu mimi siuchezi, mjukuu ndiye anayeucheza. Lakini nikimwona anafungua pakiti, ile taa inavyowaka na ile sauti, nalikumbuka boksi. Wabelgiji walishalisema mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa kwa pesa ndani ya michezo ni kamari. Sheria yetu ya kamari ilikuwa ya 1966, na hata hii mpya ya 2025 sijui kama kuna aliyefikiria majoka alipoiandika.

Kiti cha Nyuma

Mzee, Wabelgiji waliitaja michezo ya Overwatch, FIFA na Counter-Strike. Hearthstone haikuwemo. Na pata potea huwa unapoteza nauli, huku nani amelazimishwa kununua?

Karani Mstaafu

Na mimi nani alinilazimisha? Ndiyo maana ya hadithi, mjukuu wangu.

Mpwani wa South C

Nimesoma yote, hoja nzuri, ila kuna kitu kinanikereketa. Binti wa Luthuli ameandika "nafungua kadi zangu". Kadi ni ya harusi. Kadi ni ya kliniki. Hizi ni KARATA. Mnajadili mchezo msiojua hata jina lake. Nairobi mtatuulia lugha.

Binti wa Luthuli

Ahsante mwalimu, nilikuwa sijaadhibiwa leo.

Hapa Nairobi tunacheza kadi. Mbili na tatu za kulisha, jeki ya kuruka, mzee wa kurudisha, na ukibakisha moja unasema "niko kadi". Nenda mtaa wowote useme "niko karata" uone watakavyokuangalia.

Mpwani wa South C

Na huko "mzee wa kurudisha" umemtoa wapi kama si kwetu? Mzee, bibi, ghulamu, ree. Kopa, uru, pau, shupaza. Hayo ni maneno ya Kiswahili safi tuliyoyakuta kwa mababu. Nyinyi mna "jeki" ya kuinulia gari.

Vumbi Tupu

Kopa ni *copas*. Uru ni *ouros*. Pau ni *paus*, shupaza ni *espadas*, na karata yenyewe ni *carta*. Kireno kitupu, ndugu yangu. Mababu waliyapata kwa wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Binti ameazima kwa Mwingereza, wewe umeazima kwa Mreno, na wote hamjarudisha. Sasa tunaweza kurudi kwenye kubadilishana?

Mpwani wa South C

Mreno ameondoka yapata miaka mia tatu. Neno likikaa nyumbani kwako miaka mia tatu linakula nini? Wali wa nazi. Basi ni la kwako. Kadi bado inanuka ofisini.

Kiti cha Nyuma

"Linakula wali wa nazi." Nimemwonyesha bosi wangu, naye ameuliza kama huu ndio mjadala wa sheria ya kamari.

Mama Wawili

Samahanini jamani, mimi si mchezaji, nimeletwa na hilo neno kamari. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alinunua vitu kwenye mchezo mwingine, wa mpira, sitautaja, kwa simu yangu. Nilikuwa nimeshika simu nikijipangia karo, nikaona salio limebaki la kununua sukumawiki. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama, ni bure, ni hivyo vya ndani tu ndivyo vya pesa." Nilikaa chini nikacheka, maana niliona kijana ameelewa kuliko nyinyi wote. Sasa namba ya siri anaijua baba yake tu, na baba yake mwenyewe huisahau.

Swali langu: huo wenu wa majoka una njia ya kuzuia watoto kununua?

Fundi wa Buru

Mama, hiyo inawekwa kwenye simu, dukani kwa programu: kila ununuzi uombe nenosiri. Weka leo hii kabla hajarudi shule.

Lakini tafadhali tusiuchanganye huu na mingine. Huu umejaribu kuwa na utu. Tangu 2021 unapewa seti ya msingi yote bure. Kuna uwanja wa Battlegrounds tangu 2019, watu wanane mnapambana na hakuna haja ya kuwa na karata yoyote yako. Waliotuumiza ni wale walioleta mzunguko wa 2016, karata ulizohangaikia zikikaa muda zinafukuzwa kwenye uwanja wa kawaida zinapelekwa ule wa Wild.

Kiti cha Nyuma

"Waliotuumiza"? Si ulisema ni bure? Bure inaumizaje?

Fundi wa Buru

Nimesema kuumia kwa moyo.

Binti wa Luthuli

Haya, sema na hapa. Umeumia kwa sababu uliweka kitu. Hukuweka shilingi, uliweka usiku wako. Mimi nikiweka mia tano najua ni mia tano, imeandikwa kwenye ujumbe wa M-Pesa. Wewe miaka yako imeandikwa wapi? Halafu mimi ndiye sijui kucheza.

Fundi wa Buru

Nimefuta hilo neno, dada. Angalia juu.

Kiti cha Nyuma

Bado liko.

Fundi wa Buru

Nimelifuta moyoni. Hapa hakuna kitufe.

Vumbi Tupu

Mara ya tatu sasa. Mnaongea habari za bei, hakuna anayegusa umiliki. Mchina mwaka 2017 alidai uwezekano wa kila pakiti uandikwe wazi. Wenye Hearthstone wakafanyaje huko? Wakaanza kuuza vumbi, na pakiti zikawa "zawadi" juu yake. Kwa hiyo wanajua wenyewe pakiti ni kitu gani, ndiyo maana wanaibadilisha jina. Kama karata zingekuwa zangu ningempa mjukuu wa Karani zile nilizo nazo ziada, naye asingefungua pakiti, na mzee asingekumbuka nauli yake.

Kiti cha Nyuma

Na ungeruhusu kubadilishana, kesho yake kuna mtu amekaa River Road anauza majoka ya wizi na akaunti za watoto wa watu. Tunajijua.

Halafu mkarimu tulimwona mwisho wake. Legends of Runeterra, mchezo mwingine wa karata wa 2020, haikuuza pakiti kabisa, karata zilimwagwa kama mahindi kwa kuku. Nilizikusanya karibu zote bila kulipa. Ilipofika 2024 kampuni ikapunguza watu na mchezo ukaelekezwa kwenye kucheza peke yako. Mimi ni mmoja wa waliouua, maana nilikula miaka minne bila kuchangia hata chumvi. Ndiyo maana huku simcheki Binti akinunua. Yeye ndiye anayewalipia nyinyi seva.

Binti wa Luthuli

Fundi, umesikia? Mimi ndiye nakulipia. Sema ahsante.

Mpwani wa South C

Na aseme "ahsante kwa KARATA".

Karani Mstaafu

Kwani kweli huyu binti ndiye mwenye koti, au ndiye mimi?

Fundi wa Buru

Mzee, hilo mimi siligusi.

Ahsante, dada. Lakini Almasi ya kununua nataka kuiona kwa macho. Kesho kutwa Jumamosi saa nane, Jeevanjee, upande wa wale wazee wa drafti. Tusicheze ya simu, maana utasema mtandao wako na mimi nitasema stima. Tucheze ya mkono, kadi au karata, Mpwani aje atuite anavyotaka.

Mpwani wa South C

Nitakuja. Kwa sharti ghulamu aitwe ghulamu.

Binti wa Luthuli

Jumamosi ndiyo siku ya wateja wangu. Nipe saa kumi na moja. Na mtu alete pakiti, mimi za kwangu ziko kwenye simu.

Fundi wa Buru

Ninayo, lakini mzee wa shupaza alipotea mwaka jana. Huwa tunaweka kadi ya kliniki ya mtoto badala yake.

Mpwani wa South C

Hiyo sasa ndiyo kadi.

Vumbi Tupu

Mimi nina mzee wa shupaza wa ziada nyumbani. Nakupa, unanipa chochote, hata jokeri. Wangu ana mgongo mwekundu. Zako?

Fundi wa Buru

Bluu.

Kiti cha Nyuma

Basi kila atakayeshika mzee wa shupaza tutamwona kutoka Moi Avenue.