Naomba ushauri: okidi yangu inatoa majani na mizizi tu, maua hakuna

Wapenzi wa mimea, habari zenu. Nina okidi aina ya Phalaenopsis, ambayo asili yake ni misitu ya joto ya Asia na visiwa kama vile vya Indonesia na Ufilipino. Huko huota juu ya miti bila kuunyonya mti wenyewe.

Afya yake naiona nzuri. Majani ni mapana, manene, ya kijani mwaka mzima, na mizizi inachungulia nje ya chungu kila upande. Hiyo mizizi ndiyo inayonifurahisha hasa! Ikikauka huwa na rangi ya fedha, ukiinyunyizia maji inageuka kijani, kwa sababu imevikwa ganda kama sifongo linalofyonza maji. Jirani ananihimiza niikate eti inaharibu sura ya chungu. Nimekataa, maana porini ndiyo inayoushika mti.

Shida ni maua. Tangu yale ya mwanzo yapukutike, kimya. Bua la zamani bado ni bichi: je, nilikate juu ya kifundo litoe tawi, au niliondoe lote mmea upumzike? Nasikia pia usiku wenye ubaridi kidogo ndio unaoamsha bua jipya. Kuna aliyejaribu?

Ipo karibu na dirisha, haipigwi na jua kali, na nimeipanda kwenye vipande vya magome, si udongo. Mbolea sijaweka bado. Wenye uzoefu, nianzie wapi?