Mrejesho: mashine yangu ya zamani ya kuoshea vyombo, ile ya kupakia kutoka juu

Wapendwa, niliwauliza kuhusu mashine yangu ya zamani yenye magurudumu, inayounganishwa kwenye bomba la sinki. Ilikuwa inaacha ukungu mweupe kwenye glasi na kuvuja mfunikoni.

Asanteni sana. Aliyesema nifungulie kwanza bomba mpaka maji yatoke ya moto kweli, ndipo niunganishe mpira, amenisaidia kuliko wote. Mashine yangu haichemshi maji yenyewe. Kumbe ilikuwa inaanza na maji yaliyopoa ndani ya bomba, na sabuni haiyeyuki vizuri. Kisha nikaizungusha tupu na siki. Chokaa imetoka, glasi zinang'aa, isipokuwa chache zilizokwisha kuchubuka.

Ushauri wa kutumia sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono usifuatwe jamani. Nilijaribu kidogo tu, povu likamwagika hadi sakafuni.

Kuvuja bado kupo. Nimesafisha mpira wa mfuniko, kukapungua, ila umekakamaa na una ufa, na wa kubadilishia sijaupata. Kwa sasa natandika taulo na sitoki jikoni mpaka imalize. Naipenda sana mashine hii, siitupi.